Kona Yangu Ukumbini

Mdogo wangu Lorene,

Theluji imefika madirishani na mbwa amegoma kutoka. Mimi mzima, ila magoti.

Umeniuliza kama kweli nilimpenda yule mgombea wangu wa uchaguzi uliopita, aliyekosa watu. Wala! Huko Arizona mnapiga kura kimya kimya, umeshasahau mambo ya Iowa. Hapa wanachama tulikuwa tunakutana ukumbini shuleni kumteua mgombea wa chama, kila mgombea na kona yake, nawe unasimama kwa umtakaye. Kona yenye watu wachache mno inavunjwa, na wenzako wanakuja kukubembeleza uhamie kwao.

Tangu Harlan wangu afariki, nani amenibembeleza? Basi nikachagua kona isiyo na mtu, nikasimama. Wakaja wote! Verna, jirani yangu, alikuja na keki ya tufaha.

"Njoo kwetu, shoga, utaota mizizi hapo!"

"Usimsikilize," mzee Dwight akadakia. "Keki yenyewe imeungua. Kwetu kuna kiti."

Nikajitia ugumu mpaka keki ikaisha.

Mwaka huu chama kimetuletea karatasi za kura kwa posta. Unaweka alama nyumbani, unairudisha, basi. Yangu iko mezani, haijaguswa. Jana Verna alipita njiani, nikafungua dirisha na baridi yote ile, nikamwitia, "Mwenzio bado sijaamua!"

"Haya, usichelewe posta," akanijibu, akaenda zake.

Nisalimie watoto.

Dada yako, ambaye bado hajaamua,
Ardith