Viroboto Kwenye Maombi

Posho, mangaribi

Sasa kesho Jumapili kanisani nitamuangalia pasta na macho gani? Leo alikuja kutuombea, akakaa kwenye kiti cha fotei ambako Kadogo, paka wa papa yangu, analala mchana kutwa. Katikati ya maombi akaanza kujikuna, kisha akaruka juu na kupiga kelele.

Mama Furaha, jirani yetu, akainua mikono: "Aleluya! Roho ameshuka!"

Mimi nilijua ni viroboto waliopanda. Nilicheka mpaka machozi. Wakafikiri nimeguswa.

Pasta alipoondoka nikasema: "Papa, uyu paka aende Munigi kwa shangazi."

Papa akanijibu: "Tangu mama yako afariki, ni yeye tu ananiamusha asubuhi. Umuache, mutoto yangu."

Na mimi nilidhani ni chai yangu inayomwamsha.

Basi tukamwosha Kadogo kwa sabuni. Papa alimshika, mimi nikawaponda viroboto kwa kucha, mmoja mmoja. Paka alinikwaruza mikono yote miwili, na papa akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu kilio cha msiba wa mama.

Viroboto wengine wamenihamia mimi. Wakae.