Damu ya Aristides

Kimandolu, Arusha
12 Machi 1994

Mpendwa mdogo wangu Irine,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mitumba inatoka, mvua zimeanza. Wewe na joto la Dar mnaendeleaje?

Majibu yako ya damu ya mwanangu Agnela yamefika. Niliposoma kwamba amebeba sikoseli tu, si mgonjwa, nililia dukani mbele ya wateja. Miaka mitatu mtoto anavimba vidole na kulalamika mifupa, kumbe siyo! Tumechinja mbuzi. Kaka yetu Aristides kajikatia paja zima, eti ndiye mganga, maana alimtolea damu wodini wiki ile ile, kabla hatujakutumia kichupa cha damu yake. Anatembea mtaani kifua mbele.

Dada yako,
Evaresta


Dar es Salaam
20 Machi 1994

Dada, shikamoo. Mimi mzima, naomba ukae chini kwanza.

Kumbe aliongezwa damu? Sikuambiwa. Hapa maabara tunaitenganisha damu kwa umeme, kila aina inachora mstari wake. Kwa Agnela niliona miwili, wa kawaida na wa sikoseli. Sasa nahofia ule wa kawaida ni wa Aristides. Anayebeba tu havimbi vidole hivyo. Tusubiri miezi minne damu ya mjomba imwishe mwilini, kisha unitumie nyingine. Akiumwa, usisubiri, mkimbize hospitali.

Pole kwa mbuzi.

Mdogo wako,
Irine


Dar es Salaam
9 Agosti 1994

Shikamoo dada. Natumaini mu wazima.

Nimepima mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Mstari wa kawaida haupo. Agnela ana sikoseli. Nimelia, sikufichi. Ila sasa tunajua tunapambana na nini: maji mengi, sweta asubuhi, chandarua, vidonge vya foliki vya kusaidia damu kila siku, na homa yoyote hospitali siku hiyo hiyo. Nawapima hapa watu wazima wenye ugonjwa huu, wengine wana watoto wao. Niandikie, tafadhali.

Mdogo wako,
Irine


Kimandolu, Arusha
30 Novemba 1994

Mdogo wangu Irine,

Hujambo? Sisi wazima, na safari hii nasema kweli.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikukasirikia kana kwamba ule mstari uliufuta wewe. Yamepita. Agnela hajalazwa tangu Septemba. Nimemchagulia sweta jekundu kwenye belo la mitumba, halivui hata jua likiwaka, na maji anakunywa bila kukumbushwa. Nina raha, Irine. Zamani kila kilio kilinichanganya, sasa najua la kufanya.

Aristides nilimwambia damu yake imeisha. Aliacha nyama sahanini, na unamjua alivyo kwa nyama. Kesho yake akaja na mkono wa shati umekunjwa. "Imeisha? Si nyingine ipo!" Nikamwambia bado haihitajiki.

Tangu hapo kila Jumamosi anapita dukani. Anakunja shati kwanza, ndipo anasalimia.

Dada yako,
Evaresta