Jina Lilikuwa la Kweli, Chuma Kilikuwa Kimekufa

Bukavu

Papa,

Nawasalimia kwa mapendo mengi, ninyi pamoja na mama. Kifua cha mama kinaendelea namna gani? Na ule mugongo wenu wenye kusumbua wakati wa mvua, umewaachia kidogo? Mimi niko muzima, nakula. Kulala ndiyo shida, na ndiyo maana nimempa dereva wa lori la Mwenga barua hii, kuliko kusema ku telefone mbele ya watu.

Munajua kazi yangu ya kutengeneza kinga, hizi baisikeli za watu, hapa Ibanda. Siku hizi kunaingia kinga za zamani za mbio kutoka Ulaya, ndani ya kontena, pamoja na mafrigo na nguo. Zingine zimeandikwa ku kadre, ku mabomba ya mwili wake, jina la bingwa mumoja wa zamani. Matajiri wanazipenda, na mbele ya kununua wananiita nizitazame.

Ninyi mulinifundisha kwenye kinga za kubeba mihogo, lakini chuma ni chuma. Watu wanaanza na jina. Mimi jina naliacha mwisho, sababu ni karatasi ya kubandika tu. Napindua kinga, natafuta namba chini ya pedali. Natazama viungo, kama aliyeviunga alikuwa na mukono wa kutulia. Nagonga bomba na ukucha, nasikiliza. Kisha napitisha kidole pale mbele, penye rangi inajikunja kama kinga iligonga ukuta. Kuko ya kuiga yenye itakubeba miaka mingi, na kuko ya kweli yenye imekwisha kufa.

Juma lililopita, siku ya tatu, Papa Anselme, tajiri mumoja mwenye nyumba pembeni ya ziwa, aliniita. Alitaka kununulia binti yake Solange kinga moja nyekundu. Huyo binti anasoma université, na siku ya posho, mwisho wa juma, yeye na wenzake wangeshindana kutoka Kavumu mpaka hapa. Muuzaji ni Rigo. Papa, huyu Rigo anatembea na watu wa bunduki. Musiniulize wa upande gani, siku hizi sisi hatuulizi.

Nikaitazama. Namba iko. Viungo safi. Jina la kweli kabisa. Lakini nilipofika ku furshe, ile miguu mbili yenye kushika gurudumu la mbele, nikaona rangi ni mupya pale juu tu, na chini ya rangi kuko mustari mwembamba kama unywele.

Rigo akainama pembeni yangu kama muntu anayefunga kamba ya kiatu. Akasema polepole, "Maman, umeulizwa kama jina ni la kweli. Jibu tu ile umeulizwa. Nyumba yako iko karibu na fontaine ya kuchota maji, si ndiyo?"

Papa Anselme akauliza, "Basi? Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, papa." Akailipa palepale.

Sikudanganya, lakini nilirudi nyumbani kama niliyeua muntu. Siku ya tano bugali ilinishinda kumeza. Nilimwogopa Rigo, na niliogopa posho ifike. Muntu akishuka muteremko kwa mbio na furshe ikikatika, anaanguka na uso.

Asubuhi ya posho nikapanda pikipiki mpaka Kavumu, na chupa kidogo ya petrole ya taa na kipande cha chaki. Nilimkuta Solange amekwisha weka muguu ku pedali. Nikashika gidon, usukani wake.

"Shuka, mwanangu."

"Maman, kuko nini?"

"Shuka kwanza."

Baba yake akaja amekasirika. Nyuma yake nikamwona Rigo, ameegemea jeep yake. Nikapaka petrole ku furshe, nikaipanguza vizuri, nikapakaza unga wa chaki, tukangojea. Nilianza kufikiri pengine nilikosea, na nimejiua bure. Kisha petrole yenye ilikuwa imejificha ndani ya ufa ikaanza kutoka, ikachora mustari mweusi ndani ya ule weupe, mpaka nusu ya muguu.

"Hii ni nini?" Papa Anselme akauliza.

"Imepasuka. Ingekatika kwenye muteremko."

"Na uliniambia ni ya kweli."

"Jina ni la kweli, papa. Chuma kimekufa. Niliogopa. Munisamehe."

Alimgeukia Rigo. Rigo akapanda jeep. Alipopita mbele yangu akashusha kioo, akasema, "Maman wa fontaine." Basi.

Siku ileile nikahamia Kasha kwa tantine, dada yenu. Kila gari ikipunguza mwendo, nachungulia dirishani. Siku tano sikufungua kazi. Ya sita unga uliisha, nikaenda kufungua.

Nilikuwa sijakaa, nikamwona Rigo anakuja kwa muguu, peke yake, anasukuma kinga ya bleu yenye jina lile lile. Nilitaka kukimbia, lakini alikwisha fika. Akaiweka mbele yangu, akakaa ku kiti changu.

"Itazame."

"Nitazame jina?"

"Jina uliache. Mutoto wangu mwanamuke anaipanda kwenda masomo. Niambie kama itamwangusha."

Niliitazama mpaka jua likafika juu ya kichwa. Petrole, chaki, kila kiungo. Ilikuwa tu kamba ya freni, ile ya kusimamisha gurudumu, imechakaa, nikaibadilisha. "Iko muzima," nikamwambia. Alipitisha kidole chake ku furshe, polepole, kisha akaenda. Hakusema kama amenisamehe.

Kwa hiyo, Papa, sijui kama nimepona. Jana jeep yake ilipita mara mbili. Musitume muntu kunichukua, barabara si nzuri, na kazi iko. Kesho Papa Anselme ananiletea kinga zingine mbili. Nitaogopa, lakini yote nitakayoona nitayasema.

Munisalimie mama, dada Sifa mwalimu na wanafunzi wake, tonton Kitoga mwenye kuchimba zahabu, na koko, bibi yetu, anayeniombea kila misa. Mama mumwambie tu kwamba nakula vizuri.

Ni mimi binti yenu, mwoga lakini muzima,

Wabiwa