Niligonga Mlango wa Watu Nikimwulizia Mama

Mshauri mpendwa,

Leo ni Jumatatu ya kwanza ya Novemba, na huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke katika mji niliozaliwa. Naomba unisaidie, ingawa huenda nikawa mkubwa kuliko baba yako, na ni aibu mzee mzima kupanga foleni hapa pamoja na vijana walioachwa na wachumba. Nimeisoma safu yako miaka mingi, nimeyacheka ya wenzangu, na sasa zamu yangu imefika.

Nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu mpaka macho na vidole vilipoomba kupumzika. Ni mjane. Naishi na binti yangu, mumewe, na mjukuu wangu wa miaka saba tunayemwita Kidoti. Nyumbani kwetu kuna mchezo. Tulipofika huku binti yangu alikuwa mtoto wa kubebwa, na kila alipokataa kulala nilimtembeza kwa mdomo katika mji wetu: toka mlangoni, shuka ngazi, pinda kulia kwa fundi saa, pita kisimani. Amekua akiujua mji asioukumbuka hata kidogo. Nikisema, “Kwa fundi saa?” yeye hudakia, “Kulia, na usimkanyage paka!” maana palikuwa na paka mvivu aliyelala kizingitini pale. Siku hizi Kidoti naye hudakia.

Sasa mwezi uliopita binti yangu aliona nimekuwa mkimya, akaniambia, “Baba, twende tukatembee Jumamosi na Jumapili, mimi na wewe tu, polepole, hakuna anayetukimbiza,” akanipeleka kwa treni kwenye mji mkongwe wa nchi hii hii ya ugenini, mji ambao sikuwahi kuutia mguu, wenye ukuta wa mawe na vichochoro vya kupita mtu na kivuli chake, na kwa kuwa ni msimu wa majani kupukutika ngazi zote zilikuwa zimelowa na kufunikwa manjano, tukatembea kwa mikono nyuma kama watu wasio na deni, tukisoma maandishi juu ya milango, tukinywa chai, tukikaa kwenye kila benchi tulilolikuta, na nilikuwa na furaha, mshauri, naapa nilikuwa na furaha, mpaka tulipovuka daraja dogo na kupinda kona.

Hapo nikajua nilipo. Sisemi niliona pamefanana. Nilijua.

Nikasema, “Hapa ndipo kwa fundi saa.”

“Kulia,” akadakia, “na usimkanyage paka!”

Nikapinda kulia. “Na kisimani?”

“Shika upande wa kivuli!”

“Halafu?”

“Halafu kwetu, Baba, mlango wa kijani!”

Kila nilichouliza alikijibu, na kila jibu lilinihakikishia, nikakaza mwendo, naye nyuma yangu anacheka, “Pole pole, bwana harusi!” na mlango nikaukuta, tena haukuwa wa kijani na hilo halikunishtua hata chembe, nikagonga, akafungua mwanamke mwenye taulo begani, nikamwuliza kwa lugha yetu, “Mama ameshaamka?”

Binti yangu alicheka mpaka akajishika ukutani. Akamwambia yule mwanamke kwa lugha ya huku, “Tuwie radhi, baba yangu ana utani.” Niliposikia lugha ya huku ndipo nilipokumbuka niko nchi gani na mama yangu yuko wapi. Nikacheka nami. Nikasema, “Nimekupata, eh?” Akasema, “Umenipata, Baba! Kazi ya vitabu ilikupotezea muda, ungekuwa mwigizaji.”

Jumapili nilisingizia goti. Tulishinda chini ya ukuta tukitazama watu wakipita, na kila aliponiambia twende tukachungulie kichochoro kile, nilihisi kama naambiwa niingize mkono kwenye shimo nisilojua kilichomo.

Tulipokuwa kwenye treni akaniambia, “Baba, jana pale mlangoni ulitania, lakini uliniumiza. Tumekuchelewesha mno. Likizo ya Aprili nakupeleka kwetu kweli.” Tiketi ameshanunua.

Ningeishia hapo. Lakini Alhamisi iliyopita nilikwenda kumchukua Kidoti shuleni, ndiyo kazi yangu ya kila siku, na tulipofika kwenye duka la dawa, badala ya kwenda moja kwa moja nilipinda kulia, nikaingia naye kwenye barabara kubwa ya malori nimemshika mkono, kwa sababu nilikuwa naelekea kwa fundi saa. Dereva mmoja alipiga honi na kutoa kichwa dirishani kunitukana. Kidoti akanivuta koti. “Babu, nyumbani ni kule! Unacheza?”

Nikamwambia nacheza.

Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Nikisema, watanichukulia funguo, watanichukulia mtoto, na nitakuwa mtu wa kuzungumziwa jikoni kwa sauti ya chini. Nisiposema, Aprili nitasimamishwa mbele ya mlango wenyewe, na naogopa kwamba nitauona nisiujue, au nitaujua kupita kiasi nisitoke tena. Je, ninyamaze kwanza, huenda yakapita?

Mjalidi wa zamani

*

Mzee wangu, shikamoo, na pole. Sasa nivumilie, maana upole wangu unaishia kwenye salamu.

Umeniandikia madaraja, mabenchi na majani ya manjano, umeyaandika vizuri hata nikatamani kwenda, halafu mtoto wa miaka saba katikati ya malori ukamweka mwishoni, kama mtu anayekumbuka kusema “na mlango sikuufunga” akiwa ameshafika safari. Barua yako ilitakiwa ianzie hapo. Unaogopa kuchukuliwa mtoto. Mimi naogopa Alhamisi nyingine.

Binti yako si mjinga wala hana moyo mgumu. Amedakia kwa sababu ulimlea akidakia. Katika nyumba nyingine, baba akigonga mlango wa watu na kumwulizia marehemu, siku hiyo hiyo angepelekwa kwa daktari. Kwenu alipigiwa makofi. Na Kidoti ameshaanza kuuliza, “Unacheza?” nawe ukamjibu uongo. Hakuna mtu katika nyumba ile atakayegundua, mzee wangu, hata ungepotea mchana kweupe, mpaka useme mwenyewe.

Unasema watanong'ona jikoni. Watanong'ona, ndiyo, na siku nyingine utasikia. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yako yanatembea yameshika mkono wa mtu mwingine.

Usijipe jina la ugonjwa. Mimi si daktari, na wewe ulijalidi vitabu vya madaktari tu. Mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa dawa alizozidishiwa, kwa sukari, kwa usingizi mbovu, kwa ugonjwa mdogo usiojionyesha, na akatibiwa akarudi sawa. Yapo pia yasiyorudi nyuma, sitakudanganya. Hayo nayo humwelemea zaidi aliyeyabeba peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha jioni, zima televisheni, mkalishe binti yako na mumewe, useme: “Siku ile mlangoni sikuwa nacheza.” Usianze na mzaha, na akicheka usicheke. Mwambie na ya malori. Kuanzia kesho Kidoti achukuliwe na mwingine. Ukitaka kwenda, nenda kama msindikizaji. Kwa daktari uende na binti yako, aingie ndani akusikie ukijibu, maana najua wanaume wa rika lako mkiulizwa mnasema “sijambo” hata mguu ukiwa umekatika. Andika anwani ya nyumbani, uitie mfukoni mwa koti. Na ule mchezo uufunge kwa sasa. Najua ninachokuomba.

Tiketi zisikuvuruge. Binti yako anatibu kiu ambayo hujamwambia kama unayo. Ukitaka kwenda, nenda. Ukikataa, kataa mbele yake kwa sauti, umweleze kwa nini, usijifiche nyuma ya goti.

*

Mzee alituandikia tena baada ya safu hii kutoka, akaturuhusu tuchapishe:

Mshauri, nilimwambia. Hakucheka. Aliniuliza, “Pale mlangoni, Baba, ulitegemea nani afungue?” Nikamwambia, bibi yako. Mkwe wangu akaondoka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Daktari ameniona, vipimo vinaendelea, hajasema neno la kunituliza wala la kunimaliza. Bado naogopa, hasa asubuhi, kabla sijafumbua macho. Kuhusu safari, daktari hakunizuia. Nimekataa mwenyewe, na nimemweleza binti yangu sababu, kwamba naogopa mlango wenyewe. Aprili atakwenda yeye na mumewe na mtoto. Mimi sitarudi.