Gego Langu na Meno ya Mama

Gualeguay, Jumapili

Dada yangu mpenzi Ofelia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai zinakukuta mzima, wewe na shemeji Anselmo, na kwamba baridi ya huko kusini haijawafungia ndani. Mtoto uliyembeba anaendeleaje? Kila siku namuulizia moyoni, hasa baada ya wale wawili waliotutoka kabla hatujawaona. Mimi sijambo kiasi. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanitania, nitacheka, na ninachotaka kusema kitabaki tumboni. Kinakuhusu wewe na mtoto, na kinanitisha. Nivumilie nianze na gego langu, maana ndiko jambo lilikoanzia.

Gego la chini, upande wa kulia, lilianza kuniuma mwezi wa tano. Ufizi ukavimba, shavu likawa kama nimeficha ndimu. Mwingine angekwenda tu kung'oa. Lakini mimi na seliaki yangu, maradhi ambayo chembe moja tu ya ngano hunilaza kitandani, lazima nikiulizie kila kinachoingia kinywani: dawa ya kung'arishia meno, unga wa ndani ya glavu, hata vidonge vya maumivu. Najua utasema, kama ulivyosema Krismasi mbele ya watu wote, kwamba Delia ametuletea maradhi ya matajiri wa Buenos Aires. Sawa, cheka kwanza.

Nilikwenda kwa daktari wa meno, Bustingorri, nikamuuliza dawa zake zina nini ndani. Mzee yule alicheka mpaka akavua miwani. "Mama wee, mimi nakutibu jino, sijakualika kula tambi za ravioli!" Alipoona sicheki, akaisoma tyubu kwa sauti, akabadilisha glavu, akaniambia nitulie. Nikajiona mshindi. Tulipokuwa tunangoja picha ya jino itoke, karani wake akaingia na kibuyu cha yerba, yale majani yetu ya kunywa kama chai. Nawe unajua kibuyu kikishaanza kuzunguka hakikataliwi. Mrija ni mmoja, midomo ni mingi, na anayekataa amewaita wenzake wachafu. Daktari alinyonya wake huku akitafuna biskuti za ngano na mafuta, kikajazwa tena maji ya moto, wakaninyooshea. "Chukua, mama, utoe woga." Nikachukua, kwa adabu tu. Nilikuwa nimeulizia kila kitu katika chumba kile isipokuwa mrija.

Kabla ya jioni nilikuwa nimelala sakafuni chooni. Nilitapika, nikaharisha, miguu ikakataa kunibeba. Kurudi kwa Bustingorri sikuweza, na gego likaendelea kuoza bila kutibiwa. Uvimbe ukashuka mpaka chini ya taya, homa ikapanda. Nilijiangalia kwenye kioo nikamwona mama katika miezi yake ya mwisho, mifupa ile ile ya mashavu. Niliogopa, Ofelia. Niliogopa kweli.

Ni jirani yangu Zulma, ambaye mwanawe naye hali ngano, aliyenipakia kwenye gari lake mpaka Nogoyá kwa daktari mwanamke, Irupé Salvatierra. Kwake hakuna anayekula wala kunywa katika chumba cha matibabu. Zulma alikuwa amemdokezea hali yangu, kwa hiyo kabla sijauliza lolote alikuwa ameshampigia simu mtengenezaji wa dawa ile ya kung'arishia, na mfamasia kuhusu vidonge vya kuua usaha. Nililia kwenye kile kiti kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amenisadiki. Akalitibu gego, uvimbe ukapungua.

Niliporudi kumaliziwa, aliigeuza taa kwenye meno yangu ya mbele. Akauliza hii mifereji na haya madoa ya manjano nimeyapata wapi. Nikamwambia ni ya familia, mama alikuwa nayo, na dada yangu anayo, ndiyo maana katika picha zote za harusi yake amefunga mdomo. Akaweka kioo chini. Akauliza mama alikufa na nini. Nikamjibu saratani ya utumbo, kwamba alikonda huku anakula. Akauliza kama dada ana upungufu wa damu. Tangu usichana, nikasema. Akauliza kama amewahi kupoteza mimba. Mara mbili, nikasema.

Alisema meno peke yake si ushahidi, na kuhusu mama hawezi kuapa. Lakini ugonjwa huu wa seliaki hutembea ndani ya ukoo. Unaweza kuharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajitengeneza, ukapunguza damu, ukaangusha mimba. Ukikaa miaka mingi bila kujulikana, mara nyingine huishia pale mama alipoishia.

Dada, unakumbuka tulivyomlisha? Chakula kilipokuwa hakikai tumboni, tulimchovyea mkate kwenye maziwa, kijiko chako, kijiko changu. Alikuwa akigeuza uso. Tukamwambia asiwe mtoto, ameze, apate nguvu. Hili sijaweza kumwambia mtu, na tangu nitoke Nogoyá silali vizuri.

Nakuomba uende mjini Comodoro ukapime damu. Mtajie daktari wako wa uzazi jina hili, seliaki, na usikubali akikuambia ni uchovu wa mimba. Na kuna neno moja ambalo mkono unakataa kuliandika, lakini daktari Salvatierra alilirudia mpaka mlangoni: usiache ngano kabla ya kipimo, kwa sababu ukiiacha, damu inaweza kuficha ugonjwa. Kwa hiyo, dada yangu, mpaka siku hiyo endelea kula mkate wako.

Msalimie Anselmo, umwambie akupeleke wiki hii hii, asingoje kondoo wamalize kukatwa manyoya. Zulma anakusalimu. Nakubusu, na huyo mdogo nambusu kupitia kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Delia