Mafungu Mawili ya Eda

Lituhi, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mama mdogo hatujambo, ila joto la huku ziwani bado sijalizoea. Huko kwetu Ruanda, milimani, mnaendeleaje? Mguu wa baba umepona? Na kikohozi chako, mama, usiniambie tu "nipo sawa" kama unavyosema kwenye simu. Mimi nami kwenye simu unanijua: ndiyo, hapana, haya. Ndiyo maana naandika. Kuna jambo nimelifanya, na sitaki ulisikie kwa mdogo wako kabla yangu.

Tangu nimalize kidato cha nne nikaja kumsaidia kwenye darasa la awali, kazi yangu kubwa imekuwa kumtazama. Mama, mdogo wako ni fundi! Watoto wengine wanaingia wanajua Kinyasa tu, mimi na Kimatengo changu nimekaa kimya, yeye anaelewana nao wote. Namba haanzi na daftari. Wanaichora kwanza hewani kwa mkono mzima, halafu mchangani kwa kidole, ndipo anawapa chaki. Mtoto akiigeuza 3, anamwambia, "Huyu wako anaangalia kwao, mgeuze aangalie kwetu." Na akikosa, hakimbilii kumwekea alama ya kosa. Anachuchumaa na kuuliza, "Nionyeshe ulivyohesabu."

Mimi sikuuliza.

Jumatano iliyopita mama mdogo alikuwa ameitwa ofisini, akaniachia darasa. Nikachora samaki kumi ubaoni, watano juu, watano chini, nikamwita Eda aandike ni wangapi. Eda ana miaka mitano, analelewa na bibi yake anayeuza samaki. Akaandika 2, nzuri kabisa, shingo imesimama. Nikaweka alama ya kosa. Nilikuwa na hofu, mama, wote wananitazama, nikataka nionekane mwalimu. Nikasema, "Hata kuku wetu anajua hawa si wawili."

Darasa zima likacheka. Kuanzia hapo wakamwita Kuku. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.

Nilimweleza mama mdogo huku naangalia miguu yangu. Hakunigombeza. Jumamosi asubuhi akanipa beseni, tukashuka ufukweni samaki wanapouzwa. Bibi yake Eda alikuwa amepanga samaki wadogo waitwao magege juu ya turubai.

"Huyu ndiye aliyemwita mjukuu wangu kuku?"

"Ndiye huyu," mama mdogo akajibu. Hakunitetea hata kidogo!

"Mwembamba hivi, na mdomo wote huo! Haya. Eda, mpe mwalimu mafungu mawili."

Eda hakunitazama. Akachota samaki watano, akatia kwenye beseni, akachota watano tena. Hakuhesabu mmoja mmoja. Mkono wake unajua fungu lilivyo. Hapo nikaelewa. Huku samaki wakipangwa watano watano, hakuna anayesema ni kumi. Ni mafungu mawili, basi. Mimi niliyefundishwa hesabu kwa Kiingereza miaka minne, niliyekuwa natafuta x usiku na mchana, nilishindwa kuona kile alichokiona mtoto wa miaka mitano.

"Umeona?" mama mdogo akauliza.

"Nimeona, mama."

"Basi usiniambie mimi."

Nikachuchumaa. "Eda, nisamehe. Nilikosea mimi, si wewe."

Akainua macho. "Kawaambie wale walionicheka."

Mama, unajua mimi hata kusoma somo kanisani nilikataa kwa woga. Jumapili yote sikuonja chakula. Jumatatu bibi akamleta Eda, akasimama naye mlangoni, mtoto hataki kuingia. Nikachora samaki wale wale, nikaandika 2, na pembeni ile alama yangu ya kosa. Nikaifuta. "Eda alipata," nikasema, sauti inatoka kama ya mbu. "Alihesabu mafungu. Mwalimu ndiye aliyekosea, na lile jina alilomwita halitajwi tena humu."

"Mwalimu huwa hakosei!" mmoja akapiga kelele.

"Huyu amekosea," bibi akajibu kutoka mlangoni. "Nipo hapa kushuhudia."

Wakacheka tena, safari hii mimi ndiye niliyechekwa. Eda akaachia kitenge cha bibi, akaja ubaoni, akawazungushia samaki watano duara, na watano wengine duara. Mama mdogo akamuuliza taratibu, "Na ukiwahesabu mmoja mmoja?" Akawagusa wote kwa kidole, midomo inacheza, akaandika 10, sifuri kubwa kuliko kichwa chake. Kisha akanipa chaki.

"Niwekee vema."

Nikamwekea. Alama ya vema moja kwenye 2, nyingine kwenye 10.

Nisalimie baba, kaka mkubwa na mke wake, na bibi mzaa baba. Mwambie kahawa ikiiva nitakuja kuchuma. Na wewe mama, kunywa dawa.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Gaudensia