Pembe Mbili na Kamba ya Bluu

Kamwene, Shemeji.

Nimeanza kwa salamu ya kwenu. Unajua kwamba kwa miaka yote niliyokuwa ndugu wa mkeo sikuitumia, kwa sababu nilifundisha Kiswahili darasani na niliona kwamba mwalimu hana budi kusalimia kwa Kiswahili hata akiwa Uheheni. Nawe ulikuwa ukinijibu kwa Kinyakyusa changu, "Ugonile, Mlamu," kwa lafudhi mbaya ya makusudi, ili nikusahihishe na watu wacheke. Leo sina nguvu ya kumsahihisha mtu.

Nilirudi Mbalizi jana jioni kutoka kwenu. Nimechoka, lakini sidhani kwamba ni basi lililonichosha. Ni miezi minane ya kunyamaza, kisha nusu saa ya kusema.

Jumamosi tulijenga kaburi lako. Mchungaji alisali, na jina lako limeandikwa vizuri kwenye zege. Nililikagua mara mbili kabla halijakauka. Dada yangu Tusekile amekonda, ila bado ana sauti yake ileile ya kuamrisha. Mvua za kwanza zimenyesha na watu wanapanda. Binti yako Neema anafungua karakana kila asubuhi, anafagia, anakaa kwenye kigoda chako hadi mchana, kisha anafunga. Hakuna anayeleta kitu. Tangu ufe, si gobore wala jembe lililopita mlangoni pale. Watu wanakwenda mbali, hadi Mlandege, kunoa mapanga ambayo Neema angeyanoa kwa dakika tano.

Nilimuuliza sababu. Alinijibu bila kuniangalia: "Mjomba, wanasema nyumba ya fundi aliyejilipua haipelekewi chuma. Wanasema baba alikuwa amelewa ulanzi."

Wewe, Shemeji! Mtu aliyekunywa vikombe viwili vya pombe hiyo ya mianzi kila Jumapili na kusinzia kabla ya cha tatu.

Wanaosema hivyo hawakukuona ukichagua baruti. Mimi nilikuona. Kila kopo la baruti lililofika karakanani, hata kama lilitoka kwa mtu unayemwamini, ulichukua chembe zake kidogo, ukaziweka kwenye ile sahani nyeupe ya bati, ukasogea mbali na meza, ukazigusa kwa kijiti chenye moto. Kisha uliinama na kunusa, kama mama anayenusa maziwa. Baruti ya gobore, ulinieleza, huwaka kwa moshi mzito, hunuka yai viza na huacha doa jeusi. Hiyo ni baruti ya pole; huisukuma risasi kwa adabu. Ile ya risasi za kiwandani huwaka kwa hasira na kuacha sahani karibu safi. "Hii ukiitia kwenye gobore, Mlamu, haitokei mbele. Inakutafuta wewe."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chako siku alipokuja yule bwana wa Mwanjelwa, mwenye viatu vya ncha kali. Alikuwa na bastola na mfuko wa maganda matupu ya risasi. Alitaka umtengenezee vidonge vya risasi kwa kalibu yako ya kumwagia risasi, kisha uyajaze maganda yale upya. Alisema baruti yoyote itafaa, kwa kuwa bastola ni kitu kidogo. Ulimtazama, ukamwambia: "Kidonge naweza kukimwaga. Lakini ganda hili linataka baruti gani, sijui. Na mimi nikiwa sijui, mkono wangu ni wa kumimina kahawa tu." Ukampa kahawa. Alipoondoka amekasirika, ukacheka hadi ukakohoa: "Umeona viatu vile? Mtu amekuja kupima baruti kwa viatu."

Na wewe ndiye wanayekuita mzembe.

Sasa niandike lile ambalo sikuliandika kwa miezi minane.

Zilikuwepo pembe mbili za ng'ombe ukutani, zinazofanana kama mapacha. Moja ilikuwa na baruti ya gobore. Ya pili ilikuwa na ile baruti ya hasira, iliyotoka kwenye sanduku la risasi za marisau, zile zenye vigololi vidogo ndani, zilizopata unyevu, ulizopewa na mwindaji wa zamani. Ulizifungua ili kuyeyusha marisau yake na kumwaga vidonge, na baruti iliyobaki ukaitumia kidogo kidogo kuwashia mkaa. Pembe ya gobore ilining'inia msumari wa kulia kwa ukanda wa ngozi, mgumu na wenye nywele. Pembe ya kuwashia moto ilining'inia msumari wa kushoto kwa kamba ya katani yenye vifundo.

Mimi nilikuwa nikiziona kama uchafu. Ngozi ilikuwa imeoza, katani ilikuwa imechanika. Pasaka ile nilipokuja kuwasalimu, nilinunua kamba ya nailoni ya bluu sokoni Mbalizi. Wewe ulikuwa shambani. Nilikata vipande viwili vilivyo sawa kabisa. Nilivipima kwa rula. Nikafunga pembe zote mbili, na ukanda wako na katani yako nikavitupa kwenye moto. Nikaandika karatasi mbili kwa wino mweusi, kwa mwandiko wangu bora: BARUTI YA GOBORE, na BARUTI YA KUWASHIA MOTO. Nikazibandika. Kisha nikaona kwa rula kwamba pembe ya gobore ni kubwa kidogo, nikaipeleka msumari wa kushoto, na ile ya moto wa kulia, ili mpangilio uanze na kubwa.

Hakukuwa na kosa hata la herufi moja.

Uliporudi, nilikuonyesha. Nilisema, "Sasa mambo yamekaa inavyopaswa." Uliinua uso kuelekea ukutani, ukatabasamu, ukasema, "Asante, Mwalimu." Hukuniita Mlamu. Ningepaswa kulisikia hilo.

Kwa sababu hukuyaona maandishi yale. Kwa mwaka mzima na zaidi macho yako yalikuwa yameingia ukungu, nawe ukaficha, kwa hofu kwamba wakijua hutaruhusiwa tena kushika gobore wala kutengeneza la mtu. Tusekile alijua na akanyamaza kwa ombi lako. Ulikuwa ukiishi kwa vidole: ngozi ni gobore, katani ni moto. Na mimi nilikuwa na dalili zangu. Krismasi iliyotangulia nilikuona kanisani umeshika kitabu cha nyimbo kichwa chini, nikakukaripia mbele ya waumini kama mtoto wa darasa la pili. Ulinijibu bila aibu: "Nyimbo nazijua, Mlamu. Kitabu nashika kwa heshima tu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikufikiri. Nilitazama kitabu, sikutazama macho yako.

Wiki iliyofuata Pasaka, saa tano asubuhi, nyani waliingia kwenye mahindi ya jirani yako Mama Odilia. Alipiga kelele akikuita. Ulikimbilia karakanani, ukapapasa ukutani, na vidole vyako vikakuta kamba ya aina moja mara mbili. Sijui ulisimama pale kwa muda gani. Nadhani ulitegemea msumari wa kulia, kama siku zote. Sahani ilikuwa mezani, lakini Mama Odilia alikuwa analia na nyani walikuwa wanavunja mabua. Ulitaka kuwafukuza kwa mlio mmoja. Gobore lilipasuka mkononi mwako.

Nilifika hospitalini siku ya tatu. Mkono wako ulikuwa umefungwa hadi begani na kifua chako kilikuwa kimeanza kushindwa. Tusekile alikuwa upande wa pili wa kitanda akikumenyea chungwa. Ulinitambua kwa kikohozi. Ukasema: "Mlamu, ile kamba mpya ni laini kweli. Uliinunua wapi?"

Nikasema, "Mbalizi."

Ukasema, "Kamba nzuri," ukafumba macho.

Dada yangu alidhani homa inakuchanganya. Mimi nilielewa, na nilielewa pia kwamba unanipa mlango wa kutokea, kwa maana hukusema neno jingine juu yake hadi siku ya kumi na moja ulipokata roho. Siku ya pili baada ya mazishi niliingia karakanani peke yangu. Pembe ya kulia, ile ya kuwashia moto, ilikuwa mezani imefunguliwa. Ya kushoto ilikuwa imejaa, haijaguswa. Niliifunga ile ya mezani, nikaitundika, nikabandua karatasi zangu zote mbili, nikazitia mfukoni. Karatasi hizo nilikuwa nazo hadi Jumamosi. Walipoanza kusema ulikuwa umelewa, nilikuwa nimeketi miongoni mwao na kikombe cha chai. Nilikunywa chai.

Nilipanga kulisema siku arobaini zilipotimia, sikusema. Nilipanga kuliandika kwa barua kwa Tusekile. Nilisahihisha barua ile mara nyingi hadi ikawa haisemi kitu. Lakini Jumamosi, zege likiwa bado bichi, Mzee Alfonsi, yule jirani ambaye hukosi kumkumbuka kwa ulimi wake, alisimama kutoa neno la majirani. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema, ila tufundishwe na kilichompata, kwa maana moto na pombe havikai nyumba moja. Nilimwona Neema akiinamisha kichwa. Mwanamke wa miaka arobaini, mwenye mikono yako, anainamisha kichwa juu ya kaburi lako kwa kosa langu.

Nikasimama. Sikuwa nimeandaa hotuba. Nilitoa karatasi zile mbili mfukoni, nikazisoma kwa sauti, kisha nikaeleza kamba, misumari, na macho yako. Nilisema, "Hakuwa mlevi. Alikuwa haoni, na mimi niliondoa alama alizokuwa akizishika." Nilieleza sahani. Nilieleza hata habari za yule bwana wa bastola, na kwamba ulikataa kazi kwa sababu moja tu: hukuwa na hakika na baruti.

 Kuku walipita. Kisha Mzee Alfonsi akasema, "Mwalimu, miezi minane?" Nikasema, "Miezi minane." Akasema, "Na mimi ndiye niliyeitwa mropokaji." Kuna waliocheka, Shemeji, makaburini, nami sikuweza kuwakaripia.

Nilimtazama dada yangu. Nilitarajia anifukuze. Alikuwa amezichukua zile karatasi mbili mkononi mwangu, akizikunja kidogo kidogo, hadi zikawa ndogo kama punje. "Kamba zile niliziona," alisema. "Nilidhani amenunua mwenyewe." Kisha akasema, "Kaka, twende. Chakula kinapoa." Hajaniambia kwamba amenisamehe. Alinipakulia ugali kama kawaida, lakini hakukaa karibu nami, na sikustahili akae.

Jumapili mchana Neema aliniita karakanani. Baruti ya kuwashia moto alikuwa ameshaichoma yote siku nyingi zilizopita, kidogo kidogo, mbali na nyumba. Pembe ya gobore alikuwa ameiweka mezani pamoja na sahani yako yenye madoa. Kamba zote mbili za bluu alikuwa amezifungua. Akasema, "Mjomba, hapa sitaki karatasi. Nataka ngozi, kama ya baba." Tukatafuta karakana nzima, na ngozi hatukuipata. Ile uliyoizoea niliichoma mimi.

Nikafungua mkanda wangu. Ni ule wa kahawia, niliouvaa darasani miaka yote. Wanafunzi waliuogopa zaidi ya fimbo. Neema aliukata, akafunga pembe, akaining'iniza kwenye msumari wa kulia. Kisha akaniambia, "Fumba macho." Nilifumba. Akanishika mkono, akaupeleka ukutani. "Hii ni ipi?"

Nilishika ngozi. Nikasema, "Ya gobore."

"Basi," alisema. "Umefaulu."

Tukiwa bado pale, mlangoni akasimama Mama Odilia na majembe matatu begani. Hakusalimia vizuri; alikuwa analia. Alisema tu, "Haya yamelika ncha, Neema. Nayataka wiki hii, mvua imeanza." Neema akavuta mvukuto. Moshi wa mkaa ulitoka kwenye bomba lako kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Shemeji, sikuombi unisamehe kwa barua; hilo tutalizungumza tutakapoonana, na siku hiyo haiko mbali sana. Ninakuahidi haya machache. Sitagusa kitu cha mtu kwa nia ya kukinyoosha kabla ya kumuuliza anakitumiaje. Kila msimu wa mahindi nitakuja kwenu, na kila nitakaposikia mtu akitaja ulanzi na jina lako pamoja, nitasimama, hata kama ni katikati ya ibada.

Na kuhusu suruali. Nilipanda basi Iringa, nikapita Mafinga na Makambako hadi nyumbani nikiwa nimejifunga kiunoni ile kamba ya bluu. Kijana wa tiketi aliiona akacheka: "Mzee, umefunga mzigo au umefunga suruali?" Nilitaka kumkaripia. Nikamjibu, "Vyote viwili." Mke wangu ameninunulia mkanda mpya, nimeuweka kabatini. Kamba hii ni laini kweli, kama ulivyosema, nami nitaivaa hadi ikatike.

Lala, Mnyalukolo wa Iringa. Usiku wako uwe mwepesi.

Mlamu wako.